Kutofautisha Uvimbe Usio wa Saratani na Saratani ya Tezi ya Thairoidi kwa Viashiria vya Tishu: Mwongozo Kamili wa Maabara

Kinundu kimoja kilichozungukwa na kapsuli nene, chenye seli zilizojipanga katika folikula, yaani vifuko vidogo vya koloidi (ute wa tezi), ambazo viini vyake vimekua kidogo na kupauka kidogo, lakini si kwa kiasi cha kumwondolea mtazamaji mashaka: hicho ndicho kipande kinachomrudisha mwanapatholojia kwenye hadubini mara ya tatu na ya nne. Akisema ni saratani ilhali si saratani, mgonjwa anaweza kuondolewa tezi yote, akabaki kumeza vidonge vya levothairoksini kila asubuhi maisha yake yote pamoja na hofu isiyomstahili. Akisema si saratani ilhali ni saratani, ugonjwa unaweza kujitokeza baada ya miaka kwenye tezi za limfu za shingo, mapafuni au mifupani. Viashiria vya tishu, yaani protini za seli zinazoonyeshwa kwa kingamwili na kutiwa rangi ili zionekane kwa hadubini, vimepunguza sana mashaka hayo, lakini vinasaidia pale tu vinapotumiwa kwa utaratibu na kwa swali linalojulikana.

Nimeuandika mwongozo huu kwa ajili ya wanapatholojia wanaoanza kazi na wataalamu wa maabara za histopatholojia, hasa wale wa hospitali za rufaa za Afrika Mashariki, ambako kingamwili ni ghali, huagizwa kutoka nje, na chupa moja hupaswa kutumika kwa uangalifu hadi tone la mwisho.

Jambo moja lazima litangulie hatua zote. Adenoma ya folikula, ambayo si saratani, na saratani ya folikula zinaweza kufanana seli kwa seli. Kinachozitenganisha ni uvamizi, yaani uvimbe kupenya kapsuli yake au kuingia ndani ya mishipa ya damu. Hakuna kiashiria hata kimoja kinachoweza kushika nafasi ya uchunguzi huo. Hili lina uzito kwetu, kwa kuwa katika maeneo yenye historia ya upungufu wa madini joto, ambako watu wamekuwa na rovu kwa vizazi, saratani ya folikula huchukua sehemu kubwa zaidi ya saratani zote za thairoidi kuliko katika maeneo yenye madini joto ya kutosha, ambako saratani ya papilari ndiyo inayotawala kwa mbali. Mtu akipuuza kapsuli na kukimbilia kingamwili, atazikosa saratani zilezile ambazo jamii yake inazo kwa wingi.

Hatua ya kwanza: kipande chenyewe

Tezi ikifika maabara, ipimwe uzito na vipimo vyake, uso wake upakwe wino, kisha ikatwe vipande sambamba vyenye unene wa milimita chache. Rovu kubwa lisiachwe likaelea zima ndani ya chombo cha fomalini, kwa sababu fomalini hupenya tishu polepole, na katikati ya tezi seli zitaanza kuoza kabla hazijafikiwa. Nimeona mara nyingi slaidi ambazo ukingo wake una rangi safi na katikati hakuna kitu, na mtu asiye na uzoefu akaandika kwamba kiashiria ni hasi, kumbe ni tishu iliyoharibika.

Kila kinundu kinachoonekana tofauti na vingine kwa rangi, ugumu au weupe kichukuliwe sampuli. Kinundu chenye kapsuli kinahitaji zaidi ya hapo: mpaka wote kati ya uvimbe, kapsuli na tezi ya kawaida uingizwe kwenye bloku (vipande vya tishu vilivyogandishwa ndani ya nta), hata kama bloku zitafika ishirini. Ni kazi ya kuchosha na inakula parafini, lakini ndiyo inayogundua uvamizi, na bila hiyo majina kadhaa ya utambuzi hayaruhusiwi kutumika kabisa, kama tutakavyoona mbele.

Hatua ya pili: fomalini, nta na ukataji

Fomalini iwe ya asilimia 10 na iliyosawazishwa kwa bafa hadi pH ya karibu 7. Fomalini isiyo na bafa hugeuka tindikali, huacha chembe nyeusi kwenye tishu na kudhoofisha antijeni, yaani sehemu za protini zinazoshikwa na kingamwili. Ujazo wake uwe angalau mara kumi ya ujazo wa tishu. Muda wa saa 6 hadi 72 ndio unaokubalika kwa kazi nyingi za imunohistokemia, yaani kupaka tishu kingamwili. Chini ya hapo tishu haijakamaa, na ikikaa wiki nzima kwa sababu ya sikukuu au umeme kukatika, baadhi ya antijeni hujificha. Muda wa kuingia na kutoka uandikwe kwenye fomu, kwa sababu siku kiashiria kitakapokataa kutoa rangi, hicho ndicho kitu cha kwanza utakachotaka kukijua.

Vipande vikatwe kwa mikrotomu vikiwa na unene wa mikromita 3 hadi 4, vibandikwe kwenye slaidi zenye chaji ili visibanduke wakati wa kuchemshwa, na vikaushwe kwenye joto la takribani nyuzi 60. Usikate vipande vya akiba ukaviweka kabatini kwa miezi, kwa kuwa antijeni hufifia kadiri kipande kinavyokaa hewani.

Hatua ya tatu: soma rangi ya kawaida kwanza

Slaidi ya himatoksilini na eosini ndiyo inayoamua kama kuna haja ya kiashiria chochote. Ikiwa papila za kweli (vidole vidogo vya tishu) zipo, viini vimepauka kama glasi yenye ukungu, vimepandana, vina mifereji na vijumba vya ndani, hiyo ni saratani ya papilari na hakuna sababu ya kutumia kingamwili kuithibitisha. Vivyo hivyo, rovu lenye vinundu vingi vya ukubwa tofauti, koloidi tele na viini vidogo vya mviringo halihitaji uthibitisho zaidi.

Viashiria vina kazi pale unapobaki na swali mahususi, na swali hilo liandikwe kwenye fomu ya maombi kabla ya kingamwili kuchaguliwa. Je, viini hivi ni vya kipapilari au ni mabadiliko ya kawaida tu? Je, uvimbe huu umetoka kwenye seli za folikula au kwenye seli za C, zile zinazotoa homoni ya kalsitonini? Je, ni thairoidi kweli au ni tezi ya parathairoidi iliyojificha? Maswali haya matatu yanahitaji kingamwili tofauti, na kuagiza zote kwa pamoja bila swali ni kupoteza fedha za mgonjwa.

Kwa viini, toa alama kwa makundi matatu: ukubwa na umbo, ukingo wa kiini usio sawa, na kromatini iliyopauka. Kila kundi lina alama moja likiwapo. Jumla ya 0 au 1 haitoshelezi viini vya kipapilari. Jumla ya 2 au 3 inatosheleza. Andika alama hiyo kabla ya kuona slaidi za kahawia zilizopakwa kingamwili, ili macho yako yasije yakashawishika.

Hatua ya nne: kuchagua kingamwili

Kwa swali la kwanza, ambalo ndilo linaloulizwa zaidi, viashiria vitatu vimezoeleka pamoja: HBME-1, galektini-3 na keratini 19, ambayo kwa kifupi huitwa CK19. Ningeongeza CD56 kama cha nne, kwa sababu chenyewe hufanya kazi kinyume: seli za kawaida za folikula huwa nacho, na saratani ya papilari hukipoteza. Kingamwili ya BRAF V600E, yaani ya protini iliyobadilika ya jeni ya BRAF, ikipatikana, iwemo. Maabara yenye uwezo wa kununua mbili tu inaweza kuanza na HBME-1 na galektini-3. CK19 peke yake isitumike kamwe, kwa sababu nitakazozieleza.

Kwa swali la asili ya seli, thairoglobulini na PAX8 huonyesha seli za folikula (TTF-1 nayo huzishika, lakini mara nyingi hushika saratani ya medula pia), ilhali kalsitonini, CEA na kromogranini huonyesha seli za C na saratani inayotokana nazo, yaani saratani ya medula. Kwa parathairoidi, homoni ya parathairoidi pamoja na GATA3 hutoa jibu.

Hatua ya tano: kupaka rangi

Nta ikishaondolewa kwa zailini na tishu kurudishiwa maji kupitia alkoholi, antijeni zilizofungwa na fomalini zinapaswa kufunuliwa kwa joto. Bafa ya sitreti yenye pH 6 au ya Tris-EDTA yenye pH 9, ikiwa katika nyuzi 95 hadi 98 kwa takribani dakika 20, hufaa kwa nyingi ya kingamwili hizi, lakini kila chupa ina maelekezo yake na kila maabara inapaswa kuyajaribu kwenye tishu zake kabla ya kuyakubali. Baada ya kupoa, peroksidi ya hidrojeni ya asilimia 3 huzima vimeng'enya vya tishu yenyewe, kisha kingamwili ya kwanza huwekwa kwa dakika 30 hadi 60, ikifuatiwa na mfumo wa kuionyesha, rangi ya kahawia ya DAB, na mwisho himatoksilini nyepesi ya kutia viini rangi ya samawati. Himatoksilini ikikolea sana itafunika viashiria vinavyokaa ndani ya kiini.

Hapa kuna jambo linalohusu thairoidi kuliko ogani nyingi. Seli za onkositi, zile kubwa zenye saitoplazimu ya chembechembe nyekundu, zimejaa mitokondria na kwa hiyo zina biotini nyingi ya asili. Mfumo wa zamani wa kuonyesha rangi kwa kutumia streptavidini na biotini hushika biotini hiyo na kuzitia seli kahawia hata kama antijeni inayotafutwa haipo. Onkositi zimejaa kwenye ugonjwa wa Hashimoto (kinga ya mwili kuishambulia thairoidi) na kwenye adenoma za onkositi, ambazo si saratani, kwa hiyo kosa hilo linaangukia palepale linapoweza kudhuru. Tumia mfumo wa polima usio na biotini.

Kila mara weka slaidi za udhibiti. Saratani ya papilari iliyokwisha kuthibitishwa inafaa kwa HBME-1, galektini-3 na CK19. Ini nalo ni udhibiti mzuri wa CK19, kwa kuwa mirija ya nyongo huchukua rangi na seli za ini zenyewe hubaki bila rangi. Slaidi moja ya mgonjwa ipitie hatua zote bila kingamwili ya kwanza. Pia kuna udhibiti uliomo ndani ya kipande chenyewe: makrofaji (seli za kinga zinazomeza mabaki) na seli za endothelia (za utando wa ndani wa mishipa ya damu) zinapaswa kuonyesha galektini-3, na neva ndogo zinapaswa kuonyesha CD56. Makrofaji zikikosa rangi, usisome matokeo ya galektini-3 kuwa hasi, rudia.

Hatua ya sita: kusoma matokeo

Kwa kila kiashiria andika mambo matatu: mahali rangi ilipo, nguvu yake kutoka 0 hadi 3, na asilimia ya seli za uvimbe zilizoshika. Hakuna kizingiti kimoja kinachokubaliwa na wote, lakini rangi iliyo kwenye seli chache za pembeni haina uzito sawa na ile iliyosambaa, na ripoti inayosema tu "chanya" inamficha daktari tofauti hiyo.

HBME-1 ndicho ninachokiamini zaidi kati ya vile vitatu. Kingamwili hii ilitengenezwa kwa kutumia seli za mesothelioma (saratani ya utando unaofunika mapafu na ogani nyingine), na katika thairoidi hushika utando wa seli, hasa upande unaotazama koloidi. Tezi ya kawaida na rovu kwa kawaida hubaki bila rangi, kwa hiyo utando uliochorwa wazi katika sehemu kubwa ya uvimbe ni dalili nzito ya saratani ya papilari au ya folikula. Udhaifu wake uko kwenye uvimbe wa onkositi, ambako saratani nyingi hubaki dhaifu au hasi. Rangi iliyomo ndani ya koloidi pekee isihesabiwe.

Galektini-3 hukaa kwenye saitoplazimu, mara nyingine pamoja na kiini. Inagundua saratani nyingi, lakini makrofaji zilizojaa kwenye sehemu iliyowahi kutoka damu zinaweza kumdanganya msomaji anayetazama kwa lenzi ndogo tu. Panda kwenye lenzi kubwa na uhakikishe kwamba kilichoshika rangi ni seli ya folikula.

CK19 huhitaji subira. Katika saratani ya papilari rangi huwa nzito, imejaa saitoplazimu na imesambaa uvimbe mzima. Lakini CK19 hutokea pia kwenye thairoidi iliyovimba kwa kuingiwa na limfositi (seli za kinga), pembezoni mwa makovu, karibu na kapsuli, na kwenye njia iliyopitiwa na sindano ya kuchukulia seli. Kwa hiyo CK19 hasi ina maana kubwa kuliko CK19 chanya: ikikosekana kabisa, saratani ya papilari ya kawaida inakuwa na uwezekano mdogo, ilhali ikiwapo kidogo haijasema lolote.

CD56 isomwe kwa kulinganisha na tezi ya kawaida iliyo kwenye slaidi hiyohiyo. Uvimbe uliopoteza rangi huku jirani yake akiwa nayo unaelekea kwenye saratani ya papilari. Uvimbe ulioihifadhi unaelekea upande mwingine.

BRAF V600E ina uzito wa pekee, kwa sababu kingamwili ya VE1 hutambua protini iliyobadilika yenyewe, na badiliko hilo halitarajiwi kwenye adenoma wala rovu. Saitoplazimu ikishika rangi kwa usawa na kwa nguvu, uko mbele ya saratani ya papilari au ugonjwa uliotokana nayo. Lakini utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta badiliko la BRAF katika takribani asilimia 60 ya saratani za papilari, na zile zenye umbo la folikula huwa nalo kwa uchache, kwa hiyo kukosekana kwake hakumwachii mgonjwa huru. Kwa upande wa jeni za RAS, kuna kingamwili inayotambua badiliko la Q61R, na baadhi ya maabara huitumia kuthibitisha kwamba kinundu ni uvimbe halisi. Tahadhari ni kwamba mabadiliko ya RAS yapo kwenye adenoma za folikula vilevile, kwa hiyo kiashiria hicho hakithibitishi saratani.

Sasa viunganishe. HBME-1, galektini-3 na CK19 vikiwa vimesambaa kwa nguvu, CD56 imepotea na viini vina alama 2 au 3, ushahidi wote unaelekea upande mmoja. Viashiria vyote vikiwa hasi na CD56 imebaki, uwezekano wa saratani ya papilari ni mdogo sana, lakini saratani ya folikula bado haijaondolewa, nawe unapaswa kurudi kwenye kapsuli. Matokeo mchanganyiko, kwa mfano CK19 pekee ikiwa chanya, yahesabiwe kuwa hayajaamua, na uamuzi ubaki kwa umbo la seli.

Hatua ya saba: kapsuli na mishipa ya damu

Palipo na kisiwa cha seli ndani ya uwazi wa kapsuli usijue kama ni mshipa au ni mpasuko uliotokana na ukataji, CD31 au ERG itakuonyesha seli za endothelia. Mshipa unaohesabiwa ni ule ulio ndani ya kapsuli au nje yake. Ile iliyo katikati ya uvimbe haihesabiki. Hesabu mahali palipovamiwa, kwa kuwa sehemu 4 au zaidi huhesabiwa kuwa uvamizi mkubwa wa mishipa, na hatari ya ugonjwa kusambaa ni kubwa zaidi.

Kwa kinundu chenye kapsuli, mpangilio wa folikula na viini vya kipapilari, lakini kisichovamia popote, jina la NIFTP lilipendekezwa mwaka 2016 ili uvimbe huo usiitwe tena saratani, na toleo la mwaka 2022 la uainishaji wa Shirika la Afya Duniani limeuweka kwenye kundi la uvimbe wenye hatari ndogo. Jina hilo halitumiki kama kapsuli yote haijachunguzwa, wala kama BRAF V600E ipo. Uvimbe huu unaweza kuwa chanya kwa HBME-1 na galektini-3, na hapo ndipo wengi wanapojikwaa: kiashiria chanya hakiugeuzi kuwa saratani.

Mitego mingine michache

Saratani ya medula inaweza kuiga karibu umbo lolote. Kinundu cha ajabu kisicho na koloidi kipakwe kalsitonini kabla ya kingine chochote, na amiloidi (protini inayotuama kwenye tishu) itafutwe kwa rangi ya kongo nyekundu, kwa sababu ugonjwa huo unaweza kuwa wa kurithi kupitia jeni ya RET na ndugu wa mgonjwa wanapaswa kujulishwa. Uvimbe wa trabekula wenye haialini, ambao viini vyake hufanana mno na vya saratani ya papilari, hujifichua kwa Ki-67 (kiashiria cha seli zinazogawanyika) ya aina ya MIB-1 kushika utando wa seli badala ya kiini, jambo lisilo la kawaida kabisa. Katika saratani ya anaplastiki, ambayo seli zake hazifanani tena na za thairoidi, thairoglobulini na TTF-1 kwa kawaida hupotea, na PAX8 ndiyo inayobaki katika sehemu ya wagonjwa kuonyesha asili yake.

Seli zilizochukuliwa kwa sindano na kuwekwa katika makundi ya tatu na ya nne (yale ya mashaka) ya Bethesda, mfumo wa kupanga matokeo ya sindano, zinaweza kupakwa viashiria hivi ikiwa kuna bloku ya seli. Hata hivyo, bloku iliyokamaa kwenye alkoholi haifuati vipimo vilivyothibitishwa kwa fomalini, na udhibiti wake lazima uwe umeandaliwa kwa njia hiyohiyo. Uvamizi hauonekani kwa sindano hata kidogo.

Hatua ya mwisho: ripoti

Ripoti ianze na umbo, ifuatwe na hali ya kapsuli, kisha viashiria, kisha utambuzi. Mfano: "Kinundu cha sentimita 2.8 chenye kapsuli, mpangilio wa folikula, alama ya viini 2. Kapsuli yote imechunguzwa katika bloku 14. Hakuna uvamizi wa kapsuli wala wa mishipa ya damu. Hakuna papila za kweli, nekrosisi wala mgawanyiko mwingi wa seli. HBME-1: utando, nguvu 2, asilimia 60 ya seli. Galektini-3: saitoplazimu, nguvu 1, asilimia 20. CK19: sehemu chache pembezoni. CD56: imehifadhiwa kwa sehemu. BRAF V600E: hasi. Udhibiti wote umefanya kazi. Utambuzi: NIFTP." Daktari wa upasuaji akisoma hivyo anajua kwa nini kuondoa upande mmoja tu wa tezi kunaweza kutosha, na mwanapatholojia mwingine anaweza kufuata hoja yako hatua kwa hatua.

Taja pia namba ya bloku iliyopakwa kila kingamwili. Mgonjwa akihamishiwa hospitali nyingine na maoni ya pili yakahitajika, tuma bloku hiyo pamoja na slaidi zilizopakwa, ili wenzako wakate kutoka mahali palepale ulipopaona wewe.